Tandu si jongoo wala si nyoka: Mtambue kabla hajakuuma

Na Mwandishi Wetu

LIKIZO ya Desemba inapowadia, familia nyingi za mijini hufunga virago na kurudi mashambani. Watoto waliozoea sakafu ya simiti na taa inayowaka usiku kucha hujikuta wamelala nyumbani kwa babu na nyanya, wakienda msalani gizani na kuvaa viatu vilivyoachwa nje ya mlango.

Ni katika hali hiyo ambapo mvulana wa miaka tisa kutoka Nairobi aliamka usiku mmoja nyumbani kwa nyanya yake karibu na Ekerenyo, katika Kaunti ya Nyamira, akatia mguu ndani ya gambuti na kupiga ukemi ulioamsha boma zima.

"Nyoka!" ndilo neno la kwanza lililotamkwa, na baada ya hapo hakuna aliyefikiri tena. Baba yake mdogo alimfunga kamba ya katani juu ya kifundo cha mguu na kuikaza kwa kijiti. Jirani aliyekuja mbio alichanja mahali palipoumwa kwa wembe uliokuwa umekwama kwenye ukuta wa jikoni. Mwingine akamwaga mafuta ya taa juu ya kidonda. Kutafuta pikipiki usiku wa manane, barabara ikiwa matope matupu, kulichukua karibu saa mbili. Walipofika hospitalini mguu ulikuwa umebadilika rangi na mtoto hakuhisi vidole vyake.

Tabibu aliyekuwa zamu alishughulikia kamba na mkato wa wembe kabla ya jambo lingine lolote. Asubuhi, gambuti lilipogeuzwa na kugongwa chini, alianguka tandu mmoja mwenye urefu wa kidole cha kati cha mtu mzima, akatorokea chini ya rundo la kuni.

Maumivu ya tandu yaliisha kwa siku mbili. Kidonda cha wembe kilitunga usaha na kilichukua wiki tano kupona.

Baba wa mtoto huyo ni rafiki yangu wa miaka mingi. Aliponisimulia kisa hicho hakuwa akimlaumu ndugu yake, kwani kila mtu alifanya alichodhani ni sahihi. Swali lake lilikuwa moja tu: wangejuaje kwamba aliyeuma ni tandu na wala si nyoka? Ili kumjibu nililazimika kwenda Ekerenyo mwenyewe, mwezi wa Aprili, mvua ya masika ilipokuwa imekolea, na kuwatafuta wadudu hao mahali wanapoishi.

(Nasema "wadudu" kwa kuwa ndivyo sote tunavyosema. Mtaalamu wa elimu ya viumbe atakukosoa, kwani mdudu halisi ana miguu sita. Tandu ana yake nyingi, na yuko katika kundi lake mwenyewe ambalo lina zaidi ya aina 3,000 zinazojulikana duniani.)

Mahali pa kumtafuta

Ekerenyo iko kaskazini mwa mji wa Nyamira, katika eneo la Mugirango Kaskazini. Ni nchi ya vilima vya udongo mwekundu, mashamba madogo madogo ya majani chai, migomba iliyozunguka nyumba, na vijito vingi mabondeni. Mvua hunyesha kwa wingi na ardhi haikauki sana hata wakati wa kiangazi. Mtu akitaka kumjengea tandu makao, hangepata mahali pazuri kuliko hapo.

Sababu yake ni hii. Ngozi ya tandu haina ile nta inayozuia maji yasitoke mwilini kama ilivyo kwa mende au panzi. Akikaa juani au mahali pakavu kwa muda hukauka na kufa. Kwa hiyo mchana kutwa hujificha palipo na unyevu, na usiku ndipo hutoka kuwinda. Ukilielewa jambo hilo moja, utajua pa kumtafuta na pia utajua kwa nini anaingia nyumbani mwako.

Mama mwenye boma, ambaye wajukuu wake wote humwita magokoro, alinipokea kwa "bwakire" na kikombe cha chai, kisha akanicheka waziwazi niliposema nimetoka Nairobi kuja kutafuta tandu. "Mwanangu," aliniambia, "wengine huja kununua ndizi." Hata hivyo, yeye ndiye aliyenionyesha mahali pa kuanzia: nyuma ya jiko, palipolundikwa vigogo vya migomba iliyokatwa baada ya mkungu kuvunwa.

Kigogo cha mgomba kinachooza ni kama hoteli. Maganda yake hutengana, maji hubaki katikati, na ndani yake huishi mende wa porini, minyoo, mabuu na buibui, yaani chakula chote anachokitaka tandu. Mahali pengine tulipopekua ni chini ya mawe yaliyozunguka shamba, chini ya matawi ya michai yaliyopogolewa na kuachwa katikati ya mistari, kwenye rundo la samadi kando ya zizi, na chini ya magunia ya zamani.

Mjukuu aliyeumwa alikuja nami, safari hii akiwa amevaa gambuti lililokaguliwa mara tatu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu alishtukia kila jani. Nilimfundisha jinsi ya kuinua jiwe: shika ukingo ulio mbali nawe, kwa fimbo au kwa mkono wenye glavu nene, kisha livute jiwe likuelekee, ili libaki kama ngao kati yako na chochote kilicho chini yake. Mwenye kukimbia atakimbilia upande ule mwingine. Usiingize vidole chini ya jiwe usiloona upande wake wa pili. Na ukimaliza kutazama, lirudishe lilivyokuwa, kwa maana chini yake ni nyumba ya watu.

Jiwe la nne au la tano lilikuwa na jongoo watatu. La saba lilikuwa na tandu.

Miguu ndiyo cheti cha kuzaliwa

Watu wengi mijini, na hata baadhi ya walimu, huchanganya jongoo na tandu. Nimesikia wazazi wakiwakemea watoto wasiguse jongoo "kwa sababu ana sumu ya kuuma". Jongoo haumi. Hana cha kumwumia mtu. Hula majani yaliyooza, hutembea taratibu, na ukimgusa hujikunja kama sarafu na kungoja uondoke.

Kwanza tazama miguu. Mwili wa viumbe wote wawili umegawanyika pingili pingili. Kwa jongoo, karibu kila pingili ina jozi mbili za miguu, mifupi, iliyo chini ya tumbo, na anapotembea unaona kama wimbi linapita. Kwa tandu, kila pingili ina jozi moja tu, na miguu imetokeza kando ya mwili, ikionekana vizuri ukimtazama kutoka juu. Mwili wa jongoo ni mviringo kama kalamu. Wa tandu umebanwa kama ukanda, na ndiyo maana anaweza kupenya chini ya mlango ambao unadhani umefungwa.

Pili ni mwendo. Tandu wetu wa jiwe la saba hakungoja kutazamwa. Alikuwa amekwisha kupotea chini ya majani kabla mtoto hajamaliza kusema "yule!" Kiumbe kirefu chenye miguu mingi kinachokimbia kwa kasi ya kushtua ni tandu. Kile kinachojikunja ni jongoo.

Hapa kuna jambo la kustaajabisha kidogo. Kwa Kiingereza tandu huitwa kwa jina lenye maana ya "miguu mia", lakini tandu mzima mwenye miguu mia kamili hapatikani kwa kawaida. Idadi ya jozi zake daima ni witiri: 15, 21, 23, na kwa wale wembamba wa ardhini huanzia 27 na kufika 191. Ili kupata miguu 100 unahitaji jozi 50, na 50 ni shufwa.

Idadi hiyo ya jozi ndiyo inayowasaidia wataalamu kuwagawa. Tandu wakubwa wanaoweza kumwumiza mtu vibaya huwa na jozi 21, mara nyingine 23. Mmoja wao, ambaye ameenea sana Afrika na sehemu nyingine zenye joto, alipewa jina la Scolopendra morsitans na Linnaeus mwaka wa 1758. Neno morsitans ni la Kilatini na maana yake ni mwenye kuuma, na ndilo lilelile lililomo katika jina la mmojawapo wa mbung'o waenezao malale, Glossina morsitans. Mwingine mkubwa wa Afrika Mashariki huitwa Ethmostigmus trigonopodus, na aweza kupita urefu wa sentimita 15. Yupo pia Alipes, ambaye jozi yake ya mwisho ya miguu imepanuka kama majani mawili madogo, naye huitikisa ikatoa sauti ya mchakacho anapotishwa.

Kuna wadogo wenye jozi 15, wa rangi ya kahawia, ambao hukaa kwenye majani makavu na mara chache huweza kutoboa ngozi ya mtu. Kuna wale wa jozi 15 wenye miguu mirefu kama buibui, wanaoonekana ukutani. Na kuna wale wembamba kama uzi, rangi ya manjano iliyopauka, wasio na macho kabisa, ambao mkulima huwafukua kwa jembe na kuwadhania minyoo. Hao wa mwisho tuliwaona wengi katika udongo wa shamba la viazi vitamu, nao hawakumdhuru mtu.

Rangi isikupumbaze. Tandu wa aina moja anaweza kuwa wa kahawia hapa, wa kijani kibichi kule, na mwenye miguu ya manjano au ya samawati mahali pengine. Hesabu miguu kwanza, rangi baadaye.

Kichwa kiko wapi?

Swali hili si la mzaha. Tandu ana papasi mbili ndefu mbele, na nyuma ana jozi ya mwisho ya miguu ambayo ni minene na mirefu kuliko mingine. Kwa mtazamo wa haraka pande zote mbili zinafanana, na watu wengi huumwa kwa kubana upande ambao si wenyewe. Papasi zimegawanyika vipande vidogo vidogo vingi na hazitulii, kila mara zinapapasa ardhi. Miguu ya nyuma huburutwa tu.

Na hata neno "kuuma" si sahihi kabisa. Tandu hamwumi mtu kwa meno. Jozi yake ya kwanza ya miguu, iliyo chini ya kichwa, imegeuka kuwa makucha mawili kama koleo, na ndani yake mna tezi za sumu. Hubana kwa makucha hayo na kudunga. Kwa hiyo alama anayoacha ni vitone viwili vilivyo karibu karibu, umbali wa milimita chache. Hakuna kiumbe mwingine duniani mwenye silaha ya namna hiyo.

Siku ya pili tulimpata jike chini ya gogo la mkaratusi, amejikunja na kukizungushia mwili kishada cha mayai ya manjano. Tandu wa baadhi ya makundi mengine hutaga na kwenda zao, lakini hawa wakubwa hubaki na mayai, wakiyalamba ili yasiote ukungu, hadi watoto watoke na kupata nguvu. Akisumbuliwa sana aweza kuyaacha au kuyala mwenyewe. Magokoro alitazama kwa muda, akasema hata yule ni mama, akaamuru gogo lirudishwe. Ni yeye huyohuyo ambaye jana yake alikuwa amemponda mwingine jikoni kwa mwiko.

Tandu au nyoka?

Hili ndilo lililonipeleka Ekerenyo, na ni heri nilieleze bila kuzunguka.

Kosa la kumdhania tandu kuwa nyoka lilimgharimu mvulana yule wiki tano. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Magokoro alinisimulia kuhusu mwanamke wa kijiji cha jirani aliyeumwa kwenye kifundo cha mguu jioni akitoka kuchuma majani chai. Siku hiyohiyo alikuwa ameona tandu shambani, akaamini ni huyo. Alikaa nyumbani akikanda mguu kwa maji ya chumvi hadi usiku wa manane, uvimbe ukiwa umefika pajani. Alipona, lakini alilazwa kwa muda mrefu na mguu wake haukurudi kuwa kama zamani. Aliyemwuma alikuwa nyoka.

Kuumwa na tandu huambatana na maumivu makali mara moja, kama kuchomwa kwa kaa la moto. Mahali hapo huwa pekundu na kuvimba, huwasha, wakati mwingine tezi za kinena au kwapa huuma, na mtu anaweza kuhisi kichwa kikimuuma au kichefuchefu. Kwa wengi maumivu hupungua baada ya saa kadhaa, na uvimbe huisha kwa siku mbili au tatu. Vifo ni nadra sana. Kisa kinachotajwa mara kwa mara katika vitabu vya tiba ni cha msichana wa miaka 7 nchini Ufilipino aliyeumwa kichwani, na hicho ni cha zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Nyoka wana njia nyingi. Moma, ambaye wengine humwita kifutu, huacha uvimbe unaopanda kila saa, malengelenge, na damu isiyoganda. Sumu ya nyoka wa jamii ya swila na mamba hushambulia neva: kope hulegea, mtu hushindwa kumeza au kuzungumza vizuri, kisha pumzi huisha, na wakati mwingine palipoumwa hapaumi sana mwanzoni. Tena wapo nchini Kenya nyoka wadogo weusi wanaoishi chini ya udongo, ambao hutoka usiku baada ya mvua, wakati uleule wa tandu, na huchoma kwa jino moja la pembeni. Kwa hiyo kuhesabu vitone peke yake hakutoshi.

Kanuni anayoweza kuikumbuka hata mtoto ni hii: kama hukumwona aliyeuma, mhesabu kuwa nyoka na uende hospitali sasa hivi. Kama umemwona, na umehesabu miguu, ni tandu. Nyoka hana mguu hata mmoja. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu yenye kamera. Piga picha ukiwa mbali, na usimfukuze kiumbe huyo hadi vichakani ili umbebe kwa mfuko. Hospitalini picha inatosha.

Ikumbukwe kwamba Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahaulika mwaka wa 2017. Dawa ya kukata sumu ya nyoka ipo, ingawa si kila kituo huwa nayo, na ndiyo maana muda ni kitu cha thamani. Kwa tandu hakuna dawa maalum ya kukata sumu, wala haihitajiki.

Huduma ya kwanza

Ukiwa na hakika ni tandu, osha mahali palipoumwa kwa maji safi na sabuni. Vua pete, bangili au saa kabla uvimbe haujaanza. Kisha tumia joto au baridi. Madaktari nchini Taiwan, ambako visa hivi ni vingi, walilinganisha barafu, maji moto na sindano ya kutuliza maumivu, na matokeo waliyochapisha mwaka wa 2009 yalionyesha kuwa njia zote tatu husaidia. Mashambani barafu ni adimu, lakini maji moto yapo kila jikoni. Yawe ya moto kiasi cha kuvumilika, yasizidi nyuzi 45, na mtu mzima ayapime kwa kiwiko chake kabla ya kutumbukiza mguu wa mtoto, kwani anayelia kwa maumivu anaweza kubabuka bila wewe kujua. Dakika 15 hadi 20 zatosha kwa mara moja. Paracetamol kwa kipimo cha umri husaidia pia.

Kama hujui aliyeuma ni nani, acha mambo ya maji moto, usimpe aspirini wala ibuprofen, kwa sababu sumu ya baadhi ya nyoka huzuia damu kuganda na dawa hizo huongeza hatari hiyo. Mtulize mgonjwa, mguu usitembezwe, na apelekwe. Ekerenyo ina hospitali ya kaunti ndogo, kwa hivyo wakazi wake wana pa kukimbilia.

Kamba, wembe, kunyonya kwa mdomo, mafuta ya taa, maji ya betri na lile jiwe jeusi linalouzwa sokoni: hakuna hata kimoja kinachotoa sumu, iwe ya tandu au ya nyoka. Kamba huzuia damu na kuua nyama. Wembe huingiza vijidudu. Nilimwuliza baba mdogo wa mvulana yule kama angefanya vivyo hivyo tena. Alitazama chini kwa muda, akasema kamba ndiyo aliyofundishwa na baba yake.

Nenda kwa daktari hata kama una hakika ni tandu, iwapo mgonjwa anapumua kwa shida, midomo au uso umevimba, mwili mzima umetoka vipele, au kifua kinauma. Hiyo ni dalili ya mzio na haingoji asubuhi. Mtoto mchanga, mzee na mwenye ugonjwa wa moyo waangaliwe mapema. Kidonda kinachozidi kuwa chekundu baada ya siku ya tatu, au kinachotoa usaha, kimeingiwa na vijidudu. Na ulizia chanjo ya pepopunda, kwa kuwa tandu hukanyaga samadi kabla ya kukukanyaga wewe.

Tandu akiingia sikioni, jambo ambalo watu hulihofu kuliko linavyotokea, usichokonoe kwa kijiti cha kiberiti. Atang'ang'ania na kudunga. Muone daktari.

Neno moja kuhusu jongoo, kwa kuwa nimemtetea. Ukimsumbua hutoa majimaji ya kahawia ubavuni yenye harufu kali. Yakigusa ngozi huacha doa na kuwasha, na yakiingia machoni huleta maumivu makubwa. Mtoto aliyecheza na jongoo anawe mikono kabla ya kujifikicha macho. Yakiisha kuingia, suuza jicho kwa maji mengi safi kwa dakika zisizopungua 15 kisha nenda hospitali.

Kumzuia nyumbani

Tandu haji kukutafuta. Huingia kwa sababu kuna mende, kuna unyevu, na kuna mwanya. Sogeza vigogo vya migomba, kuni na mawe mbali na ukuta. Ziba nafasi chini ya mlango kwa kipande cha mpira. Vuta kitanda kidogo kutoka ukutani, shuka lisiburure sakafuni, na chandarua kichomekwe chini ya godoro. Kile kile kinachozuia mbu humzuia tandu, na nyoka pia. Viatu vining'inizwe au vigeuzwe kisigino juu, na vigongwe kabla ya kuvaliwa. Dawa za kupuliza huwaua wale zinaowagusa, lakini aliye ndani ya ufa haguswi.

Sioni haja ya kuwamaliza. Tandu hula mende, panzi na buibui, na yeye mwenyewe huliwa na kuku. Wapo hata nyoka wadogo wa Afrika Mashariki, wasio na madhara kwa binadamu, ambao chakula chao kikuu ni tandu.

Usiku wa mwisho mvua ilikatika saa mbili. Tulizunguka boma kwa tochi, mimi na mvulana, na kwenye ukuta wa choo tukamkuta mkubwa akitafuna mende. Nilimfunika kwa chupa pana ya plastiki yenye kuta laini, ambazo tandu wengi hushindwa kuzipanda, nikapitisha kadibodi nyuma yake na kuifunga. Mtoto aliiweka mezani chini ya taa na kuanza kuhesabu kwa sauti upande wa kushoto, akapata 21. Upande wa kulia akapata 20. Alihesabu tena, akanitazama kama niliyemdanganya kuhusu hizo jozi.

Tulimgeuza taratibu. Pingili ya kumi na mbili upande wa kulia ilikuwa na kigutu tu. Nilimwambia kwamba tandu akipoteza mguu huota mwingine anapojivua ngozi, mdogo kwanza, kisha mkubwa. Asubuhi alikwenda peke yake hadi kwenye lundo la mawe ng'ambo ya zizi, akiwa amegonga gambuti zake zote mbili, akamfungulia.